Mwajuma, Twaha haigizi

Walukuba, Jinja

Dada yangu Mwajuma,

Assalam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili cherehani nimeisimamisha kabisa. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu simu yako hapo mpakani Malaba hurukia mtandao wa Kenya katikati ya maneno, na haya si maneno ya kukatwakatwa.

Unasema siku ya Idi Twaha alichinja, akacheka, akagawa nyama hadi kwa watu asiowajua. Mwezi haukuisha akawa haogi. Akaamka tena, akauza boda kwa bei ya kutupa. Sasa amelala kaugeukia ukuta. Unaniuliza kama anaigiza. Haigizi, dada. Hilo jina alilopewa hospitalini, bipola ya mizunguko ya haraka, yaani ugonjwa wa moyo kupanda mno na kushuka mno, ndilo nililopewa mimi mwaka 2019. Wewe ulisikia tu kwamba nilikuwa “naumwa kichwa”.

Hiyo haraka isikudanganye. Si kucheka asubuhi na kulia jioni, hayo hata mimi na wewe tulikuwa nayo tulipokuwa wasichana. Daktari anahesabu vipindi: vinne au zaidi ndani ya miezi 12, vya kupanda, vya kushuka, au vilivyochanganyika. Kushuka kunahesabiwa kukifika wiki mbili, kupanda kukifika wiki, na kule kupanda kwa wastani kukidumu angalau siku nne. Wala si ugonjwa mwingine mpya. Ni bipola ileile imeshika mwendo, na mwendo huo kwa wengi hutulia baada ya muda. Mimi mwaka wa kwanza nilihesabu sita. Mwaka jana viwili.

Sasa nikwambie habari ya satini. Ilianza na usingizi, na hata leo huanza hapo. Saa tisa usiku niko mezani nakata nguo, sichoki, sisikii njaa. Siku ya tano nikapanda taksi hadi Kampala, nikaingia Kiyembe nikanunua majora kumi ya satini ya zambarau. Pesa zenyewe ni za sare za shule, wazazi walizonilipa mapema. Niliona wazi kama mchana kwamba maharusi wote wa Busoga mwaka ule watavaa zambarau. Na nilizungumza vizuri, Mwajuma! Mwenye duka aliniongezea jora la kumi na moja kwa mkopo.

Wiki tatu baadaye sikuweza kutunga uzi kwenye sindano. Si kwamba mkono ulitetemeka. Sindano niliiona, uzi niliuona, sababu ya kuvikutanisha ndiyo sikuiona.

Hapo ndipo nilipokwenda kliniki, na hapo ndipo tulipoharibu. Mtu akipanda haendi kwa daktari, anajiona mzima kuliko daktari mwenyewe. Huenda akishuka. Basi nikapewa vidonge vya huzuni peke yake. Siku kumi, niko juu tena. Nikaanguka, nikarudi, nikaongezewa vilevile. Kumbe kwa mwenye bipola vidonge hivyo, visipokuwa na dawa ya kutuliza mizunguko, vinaweza kumrusha juu na kuikaza mizunguko zaidi. Siwalaumu peke yao. Hawakuniuliza habari ya satini, nami niliona aibu kuitaja. Kila mtu alitibu wiki aliyonikuta nayo.

Aliyenitoa ni sista mmoja wa kitengo cha akili, aliyesema: “Niletee mwaka wako, si leo yako.” Nikatumia daftari la oda. Upande huu kifua na kiuno cha mteja, upande wa pili mimi: namba ya hali ya moyo kutoka tatu chini ya sifuri hadi tatu juu yake, saa nilizolala, dawa nilizomeza, siku zangu za mwezi. Dakika mbili kila jioni. Baada ya miezi minne daktari alifunua kurasa bila kusema neno, kisha akaniandikia kipimo cha damu cha tezi ya shingoni. Ikakutwa imezembea. Tezi hiyo ikilegea huweza kuchochea mizunguko, kwa hiyo uliza kama Twaha amepimwa.

Dawa yangu ni lithiamu. Kwa kweli ni aina ya chumvi. Daktari wa Australia, John Cade, ndiye aliyeandika mwaka 1949 kwamba inatuliza wazimu wa kupanda. Ni dawa nzuri lakini haina mzaha. Damu inapimwa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho, na mimi wanataka kiwango chake kiwe kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita. Ukiharisha, ukitapika kwa malaria, ukikaa juani bila maji, inapanda mwilini. Sindano ya maumivu ya diklofenaki, ile inayochomwa kila kliniki ya mtaani hata kwa mafua, nayo huipandisha. Twaha akipewa lithiamu kisha ukamwona anatetemeka sana, anatapika, anayumba, ulimi mzito, usingoje asubuhi. Wapo wanaopewa dawa nyingine. Basi aliyomwandikia daktari wake ndiyo hiyo, usimgawie za kwangu.

Ramadhani sifungi. Nililia mwaka wa kwanza, nisikufiche. Daktari alisema kukaa mchana kutwa bila maji na lithiamu mwilini ni hatari kwangu, sheikh akasema mgonjwa ana ruhusa yake, natoa fidia. Na daku pia hunivunjia usingizi. Usingizi, Mwajuma, ndio mlango. Ndiyo maana hicho kisomo anachotaka Mama sikipingi, lakini kifanyike mchana. Kumkesha Twaha hadi alfajiri kwa nia ya kumtoa jini ni kumpandisha kwa mikono yenu wenyewe. Pombe ya waragi na mairungi vilevile, ingawa hilo utaligombana naye mpaka uchoke.

Majirani watamwita mulalu, mwendawazimu. Watasema anakwenda Butabika, kama vile Butabika ni tusi. Ile hospitali ya akili ya Kampala imekuwapo tangu 1955, na watu huingia wakatoka wakarudi kazini. Huko kwenu hata Kampala si lazima. Hospitali ya rufaa Mbale ina kitengo.

Jambo moja nalisema haraka kwa sababu linaniuma. Akiwa chini, na hasa akiwa amechanganyika, yaani mwili una moto na moyo umekufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo. Akikubali, asiachwe peke yake hata chooni, dawa zote ziwe kwako, na aende hospitali siku hiyohiyo.

Akitulia, msimhubirie. Kaeni naye mkubaliane: akilala chini ya saa tano siku mbili mfululizo, nani anamwita daktari? Kadi ya pikipiki ijayo inakaa kwa nani? Andikeni, aweke sahihi yake. Mimi kadi yangu ya benki iko kwa dada mkubwa, na kila nikipanda namwita mwizi. Amezoea.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi sina oda. Njooni wawili, na kama hataki kutoka, njoo peke yako na tarehe za mwaka mzima kadiri unavyokumbuka: Idi, boda, harusi ya Shamim alipoimba hadi asubuhi. Tutazipanga pamoja mezani. Satini bado ipo, majora matatu. Nakushonea mito, huna budi kuipenda zambarau.

Msalimie Mama. Sufuria yake kubwa ninayo, nimeona aibu kuirudisha, imepata tundu.

Wako,
Hadija