Sio watoto wote wa maveterani wanaolipwa

Mhariri,

Makala yenu ya maveterani wa Vietnam, yaani wanajeshi wa Marekani waliopigana vita kule, nimeisoma na nimeipenda, ila pale mliposema Marekani inawahudumia watoto wote wa wanajeshi wake waliozaliwa na ulemavu mmeteleza jamani, sio hivyo kabisa.

Iko hivi. Kama aliyeenda vitani ni baba, ugonjwa wa mtoto unaotambulika ni mmoja tu, mgongo wazi, na hata huo ile aina iliyojificha chini ya ngozi haimo. Huyo wa mgongo wazi kweli anaangaliwa, analipwa kila mwezi kwa ngazi tatu kulingana na hali yake na anatibiwa kila kitu sio mgongo peke yake, na hata akiwa mtu mzima ameoa bado anapata. Sasa mwenzake aliyezaliwa na moyo mbovu au mdomo sungura, baba yao walikuwa kikosi kimoja wanapita misitu ileile iliyopukutishwa majani kwa dawa, anaambiwa hamna. Lakini angekuwa ni mama ndio alitumikia kule, na wengi wao walikuwa manesi, basi moyo umo, mdomo sungura umo, miguu kifundo, vidole vilivyoungana, kasoro ya nyonga, yaani orodha ndefu, tangu Desemba 2001.

Nijuavyo mimi chanzo ni hiki, dawa ya kuua mimea iitwayo Agent Orange ilikuwa na sumu ya dioksini, jeshi la Marekani lilimwaga dawa za aina hiyo kwa ndege kuanzia 1962 mpaka 1971, halafu 1996 jopo la wanasayansi likasema kuna dalili kiasi za uhusiano na mgongo wazi kwa watoto wa maveterani, bunge la Marekani likapitisha sheria ya malipo hayo mwaka huohuo. Cha kuchekesha (hakichekeshi sana) ripoti ya 2016 ikarudi kusema ushahidi hautoshi. Malipo hayakufutwa, na mimi naona ni sawa, huwezi kumnyang'anya mtu anayetumia mpira kutoa mkojo maisha yake yote kisa wataalamu wamebadili daraja la ushahidi. Ila basi msituambie kwamba yule wa moyo amenyimwa kwa sababu ya sayansi.

Halafu hao "watoto" wengi saa hizi wana miaka hamsini na kitu, baba ameshafariki, na ukijaza ile fomu 21-0304 ya kuomba malipo lazima ionekane baba alikuwa Vietnam na kwamba mimba ilitungwa baada ya yeye kufika kule. Makaratasi ya marehemu utayatoa wapi?

Na Wavietnam wenyewe mmewasahau kabisa. Walifungua kesi New York 2004 dhidi ya makampuni yaliyotengeneza dawa hizo za kuua mimea, ikatupwa 2005, na 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Mkirudia mada hii naomba muanzie kwao.

Msomaji wenu