Shukrani kwa kijana aliyetusaidia saiba, Kondele

Ndugu yangu, jina lako sikulishika. Uliingia saiba yetu hapa Kondele, Kisumu, kutoa kopi ya kitambulisho, ukakuta kompyuta ya Linux (mfumo unaotumika badala ya Windows) imekwama kwenye kipimo cha skrini cha nukta 1024 kwa 768: herufi zimevimba, fomu hazienei, wateja wananuna. Fundi mmoja alishatuambia tununue skrini mpya.

Wewe uliuliza kwanza waya ni upi. Ulipoona ni VGA, ule waya wa skrini wa zamani, ukaeleza kwamba skrini hujitambulisha kwa kompyuta kupitia waya huo. Ujumbe usipofika, kompyuta huchagua kipimo kidogo kisicho na hatari. Ukaandika amri ya xrandr kuona jina la tundu la waya, kisha amri ya cvt 1920 1080, yaani kipimo tulichotaka, ikatoa mstari mrefu wa tarakimu. Ukarudi kwa xrandr: ukaunakili mstari huo kwa --newmode, ukaupachika kwenye tundu hilo, VGA-1, kwa --addmode, ukamaliza kwa --output na --mode. Skrini ikazimika kidogo (na moyo wangu pia), ikarudi safi. Amri hizo ukaziweka kwenye faili la .xprofile, linalosomwa mtu anapoingia kwenye kompyuta, zisipotee tukizima mashine.

Halafu ukanipa kibodi nirudie mwenyewe. Hilo ndilo lililonigusa. Soda ulikataa.

Ukipita tena, kopi zako ni bure. Na nyinyi mafundi, tafadhali, angalieni waya kabla ya kututajia bei ya skrini.