Ua la Usambara lioteshwe kwa jani, lisichimbwe msituni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wapenda bustani wenzangu kuhusu ua la Usambara, lile la rangi ya zambarau lenye majani mazito ya manyoya, ambalo hupandwa vyunguni duniani kote ilhali asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina la ukoo wake.

Nawasihi wanaolitaka wasilifuate msituni na jembe. Baadhi ya aina zake huota mahali padogo mno, kama ile ya msitu wa Mbololo katika milima ya Taita, na mahali kama hapo kila shina linalong'olewa ni pengo kubwa. Tena hakuna haja, kwa kuwa jani moja kutoka kwa jirani au kitalu kinachootesha miche yake chenyewe linatosha. Likate pamoja na kikonyo chake, ubakishe sentimita 3 hivi, ukichomeke kikonyo katika mchanga uliochanganywa na mboji, kisha uuweke unyevunyevu bila kuulowesha. Baada ya wiki kadhaa utaona vijani vidogo kama masikio ya panya vikichomoza kwenye shina la jani lile, na kila kichipukizi hutengwa kikawa mche kamili.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kudhani kwamba mmea wa kivulini unataka giza. Msituni ua hili hujishika kwenye nyufa za miamba, penye udongo haba na maji yasiyotuama, na mwanga hulifikia ukiwa umechujwa na matawi. Kwa hiyo lipande chini ya mti wenye majani mepesi au barazani, kwani gizani litatoa majani bila maua, na jua la mchana litaliunguza. Mwagilia udongoni, maana maji baridi yakitua juu ya majani huacha mabaka, na yakituama katikati ya shina huliozesha.

Naviomba vitalu vyetu viwaeleze wateja kila mche ulikotoka, nasi wanunuzi tuulize kabla ya kulipa.

Msomaji wako,
Mpenda bustani