Damu ya Juni 14 haifiki Agosti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile taarifa yenu ya Siku ya Wachangia Damu Duniani, Juni 14, imenishinda kuinyamazia. Mnaikumbuka: ukurasa mzima, wakubwa wamelala vitandani wakitabasamu, na maelezo kwamba sasa benki ya damu imejaa. Chini yake mkaongeza kwamba wananchi wa kawaida hawana moyo wa kuchangia. Tangu siku hiyo hamjaandika tena neno juu ya damu.

Imejaa kwa muda gani? Hilo ndilo lililokuwa la kuandikwa. Chembe nyekundu zikihifadhiwa vizuri kwenye jokofu hukaa siku 42, hazivuki hapo. Hesabuni wenyewe: zilizotolewa Juni 14 mwisho wake ni Julai 26. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda na ambazo wagonjwa wa saratani huzihitaji sana, kwa kawaida hukaa siku 5 tu, tena hazitiwi kwenye jokofu. Hutikiswa polepole katika joto la chumba. Za hao mliowapiga picha zilikuwa zimekwisha hata wiki haijaisha. Utegili, yaani majimaji ya damu, ndio ambao kwa kawaida hugandishwa ukakaa mwaka mzima. Damu si nafaka ya kujaza ghalani tukasubiri mavuno mengine, na hakuna kiwanda duniani kinachoitengeneza. Hata Juni 14 yenyewe, ambayo ni siku aliyozaliwa Karl Landsteiner mwaka 1868, yule aliyegundua makundi ya damu, iliwekwa ili kuwashukuru wanaochangia mwaka mzima.

Naandika kwa uchungu kwa sababu haya yametufika nyumbani. Shemeji yangu alijifungua salama, mtoto akalia, sisi nje tukaanza kupigiana simu za pongezi, kumbe ndani damu imegoma kukata. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua wazazi duniani, na hakumpi mtu muda wa kushauriana. Muuguzi akatoka akatuambia zimebaki chupa mbili tu zinazomfaa, tutafute ndugu waje kuchangia. Tukapiga simu. Watu walikuja, Mhariri, tena wengi, wengine na nguo za kulalia, kwa hiyo msituambie watu hawana moyo. Moyo walikuwa nao. Lakini mmoja hakufika kilo 50, akarudishwa. Mwingine alikuwa kwenye dozi ya dawa, akarudishwa. Binamu yetu mwenye mwili wa kutisha akapimwa wingi wa damu ukakutwa mdogo, naye akarudishwa huku machozi yakimtoka. Waliokubaliwa walitolewa, na bado damu yao haikumfikia shemeji saa ile tuliyokuwa tukimlilia, kwa sababu lazima kwanza ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, halafu ilinganishwe na ya mgonjwa. Vipimo hivyo havirukwi, na mimi sitaki virukwe. Kilichomrudisha duniani ni zile chupa mbili, zilizotolewa siku nyingi kabla na watu wasiomjua, wasioitwa na ndugu yeyote, wakati hakuna mtu aliyekuwa akivuja damu mbele yao. Sisi tuliokuja mbio usiku tulimsaidia mgonjwa wa wiki iliyofuata. Hili ndilo ninalotaka kila msomaji wenu alijue: damu ya dharura ni ile iliyokwishatolewa kabla ya dharura.

Na kuna jingine linalokaribiana na hili. Zile jumbe za simu: damu inahitajika haraka, mtumie na mwenzako. Hazina tarehe, hazina jina la hospitali, wala hazisemi mgonjwa akishapata nani atatangaza. Ujumbe wa shemeji bado unazunguka! Juzi mtu mwema kanipigia kuuliza kama bado tunahitaji, na mtoto mwenyewe anatambaa. Mtu akishahangaika bure mara moja, ujumbe wa pili ataufuta, na huo wa pili ndio utakuwa wa kweli. Wengine wakishausambaza hujiona wamemaliza wajibu wao. Nao ndio hao hao wanaodai kwamba kutoa damu kunamaliza nguvu za mwanaume. Kinachotolewa ni kama mililita 450 kati ya takribani lita 5 alizo nazo mtu mzima. Maji yake hurudi ndani ya siku moja au mbili, na chembe nyekundu hurudi katika wiki chache zinazofuata. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mwanaume apumzike wiki 12 na mwanamke wiki 16 kabla ya kutoa tena. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba katika nchi za kipato cha chini hadi asilimia 54 ya damu wanayoongezewa wagonjwa huenda kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwanaume anayehofia nguvu zake aisome hiyo mara mbili.

Sasa naomba jambo. Kila Jumatatu, pale mnapoweka msimamo wa ligi, wekeni kisanduku cha makundi yote manane, kuanzia O hasi hadi AB chanya, na mbele ya kila kundi mwandike damu iliyopo inatosha siku ngapi. Chini yake wekeni saa za kufunguliwa vituo, maana mfanyakazi hawezi kuchangia kwenye mlango unaofungwa kabla hajatoka kazini. Benki ya damu nayo iige Uswidi, ambako mchangiaji hutumiwa ujumbe wa simu siku damu yake inapotumika. Mtu aliyepata ujumbe huo hahitaji picha gazetini ili arudi. Na kila anayetangaza kwamba mgonjwa wake anahitaji damu aandike tarehe na hospitali, kisha akishapata atangaze kwamba amepata.

Mkisema ukurasa umejaa, ondoeni safu ya nyota siku ya Jumatatu. Kisanduku ninachokiomba kinaenea hapo hapo.

Ni mimi,
Mchangiaji damu na msomaji wenu