Aliyeng'atwa na paka atazamwe na kidonda chake

Mhariri,

Dada yangu mkubwa hupaa samaki pale Deep Sea, hapa Tanga. Mwezi uliopita paka alidokoa kibua kwenye beseni lake. Dada akamkamata amnyang'anye, paka akamng'ata kidole cha shahada, mkono wa kulia. Damu ilitoka matone mawili tu, vikabaki vitundu kama vya sindano ya cherehani. Akapaka mafuta ya taa, akaendelea na kazi.

Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Kufika magharibi kidole kimevimba, hakikunjiki.

Tulikwenda zahanati moja ya mjini. Walimchoma chanjo ya kichaa cha mbwa na sindano ya pepopunda, na kwa hayo nawashukuru, ni ya lazima. Lakini hakuna aliyekishika kile kidole wala aliyemuuliza kama ana sukari, naye anayo mwaka wa tisa sasa. Tukarudi na vidonge vya maumivu. Alfajiri anatetemeka kwa homa, mstari mwekundu umepanda hadi kiwikoni, mtoki umemvimba kwapani.

Hospitalini walimpasua asubuhi hiyohiyo, wakaosha usaha uliozunguka kano. Daktari akanieleza: jino la paka ni jembamba na kali, hupenyeza vijidudu vya mdomoni mwake, mara nyingi Pasteurella, hadi ndani kabisa, kisha ngozi hujifunga juu. Ndiyo maana uvimbe huja kabla siku haijaisha. Mbwa naye ana kijidudu cha mateni kinachoweza kuingia kwenye damu na kumuua mtu aliyeondolewa bandama, au ambaye pombe imemharibu ini, hata kwa jeraha dogo.

Wahudumu wetu, nawaomba sana: chanjo ya kichaa cha mbwa haiui bakteria. Aliyeng'atwa na paka mkononi, tena mgonjwa wa sukari, aanzishiwe siku hiyohiyo dawa kama amoksilini yenye klavulaneti, asingojewe atunge usaha. Nasi wa sokoni, bomba liko hatua kumi kutoka meza ya dada. Ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa kutazama saa, halafu hospitali. Mafuta ya taa, majivu na pilipili tuviache.

Kidole kimebaki kimepinda. Juzi nilimkuta anajifunza kushika kisu kwa mkono wa kushoto. Muda aliokuwa akipaa changu watano, sasa anamaliza mmoja.

Mkaanga samaki,
Tanga