Historia ya vijiji vya pembezoni mwa Nairobi ihifadhiwe

Mhariri,

Historia ya Nairobi husimuliwa kuanzia reli ilipofika mwezi Mei mwaka 1899, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa na kinamasi kitupu. Ukweli ni kwamba mwaka 1890 Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, alikuwa amekwisha kupatana na Lugard, mjumbe wa kampuni ya Waingereza, huko Dagoretti, na alipokamatwa mwaka 1892, akafia Kibwezi, ngome ya Fort Smith ilikuwa tayari imejengwa Kabete. Vijiji vilikuwapo kabla ya mji, na mji ukaja kuvimeza.

Kumbukumbu nyingi za vijiji hivyo zimo makanisani. Wamisheni wa Uskoti walihamia Thogoto mwaka 1898, na mwaka uliofuata mapadri Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaanzisha misheni ya St Austin, ambako walipanda kahawa. Waanglikana nao wakajenga Kabete. Serikali ya kikoloni ilihesabu vibanda ili itoze kodi, lakini vitabu vya ubatizo na vya ndoa viliwataja watu wenyewe kwa majina, pamoja na wazazi wao. Kwa familia nyingi, hayo ndiyo maandishi ya kwanza kabisa yanayomtaja babu au nyanya yao, nayo yameandikwa kwa wino unaofifia kwenye karatasi inayoliwa na mchwa.

Naomba basi maaskofu na wazee wa makanisa waruhusu vitabu vya zamani vipigwe picha, na nakala zake ziwekwe katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Vitabu asili vibaki parokiani, na vile vinavyowataja watu walio hai visifunguliwe kwa umma.

Hata hivyo, kazi ya dharura zaidi iko kwingine. Kijiji cha Pangani, ambacho wengi wa wakazi wake walikuwa Waislamu, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Kibera nayo ilianzishwa na askari Wanubi, Waislamu wenye asili ya Sudan, waliolitumikia jeshi la Waingereza. Wengi wa watu hawa hawamo katika kitabu chochote cha ubatizo, na habari zao zimo vichwani mwa wazee wachache ambao hawatadumu milele. Idara ya utamaduni ya kaunti ingeanza na hao, ikishirikiana na misikiti na vyuo vikuu vyetu, iwarekodi kwa sauti zao wenyewe, na ifanye hivyo mwaka huu.

Msomaji wako,
Nairobi