Uzito uliojificha tumboni

Nkuhungu, Dodoma

Ndugu yangu Yohana,

Salamu nyingi, na hongera kwa uchumba. Barua yako imefika, pamoja na vipimo vya zile almasi mbili za duara. Nakujibu haraka kabla hujaacha advansi kwa sonara.

Unasema moja ina karati 1.00, nyingine 0.90, na roho yako iko kwa ile ya kwanza kwa kuwa ni kubwa. Hebu rudia kusoma ulichoniandikia: zote zina upana wa milimita 6.2. Ya kwanza ina kina cha milimita 4.2, ya pili 3.8. Zikishafungwa kwenye pete, hakuna atakayejua ipi kubwa. Ile tofauti ya karati 0.10, yaani gramu 0.02 tu, imekaa tumboni mwa jiwe, chini, ambako haionekani. Nawe utailipia mara mbili, maana bei ya kila karati hupanda ghafla jiwe likigusa 1.00. Mkataji anajua hivyo, ndiyo maana hakutaka kulipunguza tumbo.

Gawanya kina kwa upana. La kwanza linatoa karibu 68%, la pili 61%. Almasi ya duara iliyokatwa vizuri hucheza kati ya 59 na 62 na ushee.

Asilimia hizo si urembo wa karatasi. Mwanga huingia kwa juu, kwenye ule uso mpana tunaouita meza, ukagonga ukuta mmoja wa tumbo, ukarukia wa pili, kisha ukarudi juu machoni pako. Kuta za tumbo zikiwa na mwinamo wa nyuzi 41 hivi, safari hiyo inakamilika. Zikisimama sana, mwanga unatokea chini na katikati ya jiwe panakuwa peusi. Zikilala sana, unaona pete ya kijivu ndani ya meza, kama jicho la samaki aliyelala sokoni tangu jana. Rangi na usafi hata viwe vya daraja la juu, havitaliokoa jiwe la namna hiyo.

Kukata vizuri kuna gharama. Ile almasi ya waridi ya Mwadui, iliyopatikana 1947 na kupewa Elizabeth wa Uingereza, ilikuwa na karati 54.5 ikiwa ghafi. Ilipokatwa zikabaki 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda. Sasa fikiria mkataji anayeuza kwa uzito, anavyoumia kila anapolisogeza jiwe kwenye gurudumu. (Rubi za kwetu Winza, huko Mpwapwa, ni habari nyingine: pale rangi ndiyo inayotawala mkato, usizipime kwa vigezo hivi.)

Tazama pia mkanda, ule ukingo unaozunguka kiuno cha jiwe. Ukiwa mnene, nao unaficha uzito. Ukiwa mwembamba kama wembe, utamegeka fundi akibana kucha za pete.

Sonara akikuonyesha cheti cha GIA, ile taasisi ya Marekani inayopima ubora wa vito, usiridhike na alama ya ung'arishaji au ya ulinganifu. Mara nyingi muuzaji huweka kidole hapo. Tafuta alama ya mkato wenyewe. GIA wanaitoa tangu 2006 kwa almasi za duara.

Halafu yatoe mawe nje ya duka. Zile taa ndogo za dari hulifanya hata jiwe bovu limetemete, na jua letu la saa saba nalo linadanganya vilevile. Simama kwenye kivuli cha mwarobaini, uyafute kwanza, maana mafuta ya vidole hushika almasi kweli na kuipofusha. Yaweke kati ya vidole viwili ukiinamisha mkono huku na huku taratibu. Jiwe zuri litaendelea kung'aa huku weusi na weupe vikipokezana kwa mpangilio. Bovu litabaki na doa moja lisilohama.

Kama bei ya lile la 0.90 bado ni ileile uliyoniandikia, chukua hilo. Ila hakikisha linapimwa mbele yako likiwa tupu, kabla halijafungwa. Likishaingia kwenye pete, kina chake hakipimiki sawasawa.

Nisalimie shemeji na wazee wote.

Wako,
Daudi